Miche ya Simioni na Wathamini Wasiokuja

Simioni Mniko alianza kuwa mtu wa miti akiwa na miaka hamsini na minne, umri ambao wenzake wengi wanatafuta kiti cha kuegemea. Kabla ya hapo alikuwa mchoma mkaa. Na msidhani ni mchoma mkaa wa hivi hivi, wa gunia moja la kupatia chumvi. Huyu alikuwa fundi. Kile kilima kinachoonekana ukisimama Matongo, chenye kipara kama kichwa cha padri mzee, ni yeye aliyekinyoa. Tanuri lake halikuwahi kumgeukia likawa majivu, na mkaa wake ukigongwa ulikuwa unalia kling, kama kengele ya shule. Akina mama wa senta walikuwa wanaugombania kabla hajaushusha kwenye baiskeli.

Kwa hiyo alipogeuka akaanza kujaza udongo kwenye viriba na kupanda mbegu, watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

"Shikamoo mzee Simioni," vijana wa bodaboda walikuwa wakimwita akipita na toroli lake la miche. "Leo umeleta mkaa mbichi?"

"Marahaba," anajibu, anasukuma toroli. Angewajibu nini? Kweli miti alikuwa ameikata.

Kilichomgeuza si semina wala mzungu. Kilikuwa mpini wa jembe. Mwaka ule mpini wake ulivunjika, akapanda kilimani kutafuta mti wa kuchonga mwingine, kama alivyofanya baba yake na babu yake. Alizunguka kilima kizima tangu asubuhi mpaka jua la saa nane. Hakupata hata kijiti cha kumchapia mbuzi. Akateremka, akaingia dukani, akanunua mpini uliotoka Mafinga, una rangi na karatasi ya bei. Alipofika nyumbani aliuegemeza ukutani akautazama muda mrefu, na mkewe Robi akamuuliza kama amenunua mpini au amenunua picha. Wiki iliyofuata alianza kitalu.

Sasa, ili mwelewe shida yake, lazima mjue senta yetu ilivyo. Iko njiani, upande mmoja Kewanja, upande wa pili Matongo, na katikati ni mabati, vumbi, malori na makarasha yanayosaga mawe ya mgodi wa dhahabu mchana kutwa. Mtu akipiga chafya unajua ana nini kifuani: ana barabara. Kivuli kilikuwa kimoja tu. Nyuma ya safu ya maduka kulikuwa na kijisitu, ukubwa wake kama viwanja viwili vya mpira, chenye mikuyu kumi na mmoja mikubwa na miti midogo midogo chini yake, na katikati ya mikuyu kinatoka kisima. Simioni hakuwahi kukigusa enzi za mkaa. Siyo kwa busara, msimpe sifa za bure. Aliwaogopa wazee waliokikataza kuliko alivyomwogopa bwana maliasili. Ila sasa mbegu zake zote za miti ya asili zilitoka mle, na maji ya kitalu chake yalitoka mle. Kijisitu kikiondoka, angebaki mchoma mkaa mstaafu mwenye viriba vitupu.

Na mwaka wa nne wa kitalu chake, kilikuwa kinaondoka. Serikali ya kijiji ilipendekeza kikatwe, pajengwe vibanda vya biashara na kituo cha bodaboda. Mwenyekiti, Erasto Waitara, alitangaza mkutano mkuu wa kijiji, Jumamosi ya wiki ya tatu, watu wapige kura kwa mikono. Wengi wakisema kata, inakatwa.

Simioni alikuwa na wiki tatu za kuwapata watu. Akapakia toroli, akaanza nyumba hadi nyumba. Kila nyumba mche wa bure, na kila mche neno moja: Jumamosi ile njoo ukatae.

Alianza kwa Boke, bibi wa miaka sabini anayeuza uji wa wimbi na mandazi mbele ya nyumba yake, juani, amejifunika kanga kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Simioni. Unataka uji?"

"Nimekuletea mti."

"Mti nitaunywa?"

"Utakupa kivuli, mama. Miaka minne tu."

"Miaka minne!" Boke aligeuza andazi. "Mura, kijana wangu, mimi nina miaka sabini. Nipe kivuli cha leo mchana. Halafu hapa kesho mgodi ukisema unahitaji eneo, nitahama na mti kichwani?"

Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya senta nzima, yaliyobadilika ni sauti tu. Mmoja alisema mti unaita nyoka. Mwingine alisema mizizi itapasua msingi wa nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati tupu, haina msingi. Nchagwa, kiongozi wa bodaboda, alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee wangu, ulipokuwa unakata, ulituuliza? Hukutuuliza. Sasa na sisi zamu yetu imefika, unatuletea mahubiri."

Simioni alirudi nyumbani na toroli limejaa kama lilivyoondoka. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Robi, aliyekuwa anamhesabia watu kwa vidole, alikuwa bado hajamaliza mkono mmoja.

"Sisi wawili," Robi alisema. "Na yule mlinzi wa zahanati, kama hatakuwa zamu."

Jumatatu ya wiki ya pili zikaja fulana za njano. Watu wawili, na chombo chao cha miguu mitatu, walishuka kwenye gari wakaanza kupima kandokando ya barabara. Mmoja wao, kijana mpole anayeitwa Method, alikuja kujisitiri na jua kwenye kijisitu, akanywa maji ya kisima kwa kiganja, na kumwambia Simioni, aliyekuwa pale anateka maji ya kitalu, kwamba wanapima njia ya bomba la maji la zahanati. Siku moja tu, jioni wanarudi Tarime. Simioni alimuelewa vizuri sana. Muda mfupi baadaye akafika Nchagwa, amezima pikipiki mbali ili asisikike, anatembea kwa vidole.

"Mzee," alinong'ona. "Wale si wathamini wale?"

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wageni. Huku kwetu kuna kazi inaitwa kutegesha. Eneo likitakiwa na mgodi, wathamini wanakuja kuhesabu kila ulichonacho, nyumba, mgomba, mti, ili ulipwe fidia. Basi mtu akinusa tu kwamba wathamini wanakuja, anapanda. Anapanda usiku kucha kama mtu anayefukuzwa. Shamba lililokuwa na mihogo linaamka na msitu, nyumba inaota chumba kipya bila mlango. Wengine wamefaulu, wengi wameumia, lakini hamu haijaisha. Mtu wa hapa haulizi mti utazaa nini. Anauliza utahesabiwa lini.

Simioni alijua hayo yote. Alimtazama Nchagwa, akatazama fulana za njano barabarani, akatazama mikuyu. Mdomo ukafunguka kusema ni bomba la maji. Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha mzee mwenye siri. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Nimekuelewa, mzee," alisema Nchagwa. Akakimbilia pikipiki.

Saa kumi jioni kulikuwa na foleni kwenye kitalu cha Simioni, foleni ya kweli, watu wanasukumana. Waliomwambia mti unaita nyoka walitaka miche thelathini. Yule wa nyumba ya bati aliomba hamsini. Hata Boke alituma ndoo, akasema wampe ishirini, ila iwe minene kidogo, ionekane ya zamani. Siku tatu kitalu kikabaki udongo na nyayo. Senta nzima ilikuwa inachimba. Waliipanda bega kwa bega kama vitunguu, mbele ya mlango, chini ya dirisha, mmoja alipanda kwenye njia yake mwenyewe ya kwenda chooni. Simioni alizunguka akitazama, na kifua kikamjaa. Miaka minne ya kubembeleza, na leo watu wanamwagilia miti kwa maji ya kunywa!

"Baba Rose," Robi alimwambia usoni, "umewaambia watu nini?"

"Sijasema kitu."

"Najua hujasema kitu. Nakuuliza umewaambia nini."

Akamweleza. Robi alikuwa anachambua mboga. Aliweka kisu chini.

"Utawaambia lini?"

"Baada ya kura. Wakishakataa kukata, nitawaambia."

"Wakijua baada ya kura, mikuyu wataikata kwa hasira, na wewe watakulaza juu ya kisiki." Akachukua kisu tena. "Na miche imekwisha, sivyo? Hawa watu wameshiba?"

Simioni hakuelewa swali lile mpaka Jumatano ya wiki ya tatu, alipokwenda kisimani na ndoo. Aliyoyaona yalimfanya akae chini pale pale. Chini ya mikuyu kote kulikuwa na mashimo. Miti yote midogo, ile iliyokuwa imeota yenyewe, ile ambayo ingechukua nafasi ya mikuyu siku moja, ilikuwa imeng'olewa na mizizi ikaachwa nusu ardhini. Matawi ya mikuyu yalikuwa yamekatwa kwa panga, kwa sababu mkuyu ukichomeka tawi lake unaota, na kila mtu hapa analijua hilo. Michubuko ilikuwa inatoka utomvu mweupe. Udongo uliofukuliwa ulikuwa umeporomokea kisimani, maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Na watu walikuwemo bado, akina mama wawili na wanaume wanne, na majembe, wanafanya kazi kwa bidii ambayo hajapata kuiona kwenye kazi yoyote ya kijiji.

"Jamani, acheni!" alipiga kelele. "Acheni, mnakiua!"

Mwanamume mmoja aliinua kichwa. Alikuwa Nyangwine, mwenye duka la simu. "Mzee, usiwe na wivu. Wewe ulikuwa na kitalu kizima. Na sisi tutegeshe."

"Hakuna cha kutegesha!"

"Hivyo hivyo," alisema Nyangwine, akamkonyeza. "Ndivyo wanavyosema wanaojua."

Akawaambia mara ya pili, wakacheka. Akawaambia mara ya tatu, wakaharakisha, maana mtu mwenye siri akianza kukasirika ni dalili kwamba siku zimekaribia. Aliondoka akiwa na ndoo tupu. Alikwenda kwa mwenyekiti, hakumkuta, alikuwa Itiryo kwenye msiba. Alikwenda kwa mtendaji, na mtendaji alikuwa nyuma ya ofisi anachomeka matawi ya mkuyu.

Siku mbili zile hakula chakula cha kueleweka. Akilala anahesabu. Akinyamaza, kura anayo, kwa sababu hakuna mtu wa senta hii atakayekata mti anaodhani unakuja kuhesabiwa. Lakini kila siku ya kunyamaza wanaingia na majembe, na kisima kinakufa mbele ya macho yake. Akisema, majembe yatatoka na msumeno utaingia. Aligeuza jambo hilo huku na huku kama mtu anayetafuta upande wa blanketi usio na tundu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wale watu hawakuwa na kosa. Waliuliza, yeye akakohoa.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa kuliko siku ya kampeni. Mwenyekiti Waitara alifungua mkutano, akasoma pendekezo la kukata kijisitu, na kabla hajakunja karatasi Nchagwa alikuwa amesimama. Nchagwa huyu huyu wa kituo cha bodaboda.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa wa kwanza kusema ikatwe. Nimejirudi. Mikuyu ile ni mali ya kijiji. Ni mikubwa, ni ya zamani, itahesabiwa. Nani anakata fidia yake mwenyewe? Isikatwe! Tena iwekewe uzio!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akapiga kelele kwamba mzee Simioni apewe nafasi aseme, yeye ndiye aliyeona mbali. Wakamsukuma mbele. Miaka minne hakupata mtu wa kumsikiliza, na sasa kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza kinamsubiri, kinatabasamu. Robi alikuwa amekaa upande wa wanawake. Alimtazama mara moja, akatazama chini.

"Wale hawakuwa wathamini," Simioni alisema.

Watu wakaendelea kutabasamu.

"Walikuwa wanapima bomba la maji la zahanati. Nchagwa aliniuliza. Nilikuwa najua. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka mpande. Hakuna tathmini. Hakuna fidia. Hakuna mti wa mtu yeyote utakaohesabiwa, wala mikuyu."

Yakasikika makarasha ya ng'ambo. Kisha Nchagwa akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua mbaya:

"Kwa hiyo mimi nimechimba mashimo mia moja na arobaini kwa sababu ya kikohozi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha hakuna aliyecheka. Zikaja kelele. Wengine walimwita tapeli, mmoja alimrushia ndala. Simioni aliinua mikono, akajaribu kusema yale ya kweli, kwamba maji, kwamba joto, kwamba watoto wanakohoa vumbi, kwamba mkuyu haurudi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Yalikuwa maneno yale yale ya nyumba hadi nyumba, lakini sasa yalitoka kwenye mdomo wa mtu aliyedanganya, yakafika chini kabla ya kufika kwa watu.

"Nyosheni mikono," alisema mwenyekiti. "Wanaotaka ikatwe."

Mikono ilipanda kama mtama. Mwenyekiti hakuhesabu, angehesabu nini.

"Wasiotaka."

Simioni alinyosha. Robi alinyosha. Mlinzi wa zahanati alikuwa zamu. Na kule nyuma, juu ya ndoo aliyoigeuza kiti, Boke alikuwa amenyosha mkono wenye unga, uso umekunjwa kwa hasira, na alipoona watu wanamgeukia akawaambia: "Mnatazama nini? Mimi nateka maji pale."

Mikono mitatu.

Jumapili, waliotoka kanisani hawakubadilisha hata nguo. Waling'oa. Kila mche aliokuwa ameulea miezi minane ulitupwa barabarani, na mingi ilitupwa mlangoni kwake, ikapangwa kabisa, ili aione. Mbuzi wa senta nzima walikuwa na sikukuu. Simioni na Robi walitoka na toroli wakaokota ile ambayo mizizi yake haijakauka, na watu walisimama milangoni wakiwatazama wakiokota. Hakuna aliyesaidia. Hakuna aliyewatukana pia, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Kati ya miche elfu na ushee waliokoa kama sitini.

Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, msumeno wa mashine uliwashwa nyuma ya maduka. Simioni alikuwa uani anairudisha miche kwenye viriba. Aliendelea. Mikono ilikuwa inamwaga udongo nje ya kiriba na hakuona. Robi alimwambia aingie ndani, akakataa. Akamwambia aende Mugumu kwa binti yao Rose akae wiki moja, akakataa hilo pia. Ndipo alipoitwa kutoka barabarani, kwa sauti ya kuitia mbuzi aliyeingia shambani.

"Simioni! Wewe Simioni! Njoo uondoe vitu vyako!"

Alikuwa Boke. Simioni alimfuata kwa hatua za mtu anayekwenda polisi. Mbele ya nyumba ya Boke, pembeni ya jiko la mandazi, ile miche ishirini ilikuwa bado imesimama, imebanana, majani yanagombana.

"Shikamoo mama. Nitaing'oa sasa hivi."

"Ng'oa kumi na minane."

Simioni alikuwa ameshainama. Akabaki ameinama.

"Kumi na minane, mama?"

"Husikii? Msumeno umekuziba masikio? Miwili niachie. Mmoja hapa wa jua la asubuhi, na mmoja kule wa jua la jioni. Jua halikai sehemu moja, au hilo nalo umetudanganya?"

"Hautahesabiwa, mama. Hakuna mtu atakayekuja kukulipa."

"Nilisikia Jumamosi. Mimi siyo kiziwi, mimi ni mzee." Akaelekeza kwa kijiko cha mandazi. "Pale nilipopanda ni karibu mno na ukuta. Nilipanda kwa tamaa. Nipandie vizuri, kama unavyojua wewe."

Simioni akapima hatua nne kutoka ukutani, akaomba jembe, akaanza kuchimba. Nyuma ya maduka msumeno ulibadilisha sauti, ukazama, kisha kitu kizito kilikwenda chini na mabati ya senta nzima yakatetemeka. Simioni alisimamisha jembe hewani. Boke alisubiri. Andazi lilikuwa linaungua na hakuligeuza.

"Imebaki mikuyu kumi," Simioni alisema.

"Chimba."

Akachimba shimo la kina cha mkono, akavunja mabonge kwa vidole, akautoa mche mmoja kati ya wenzake taratibu, akiinua na udongo wake. Aliusimamisha, akaushindilia kwa kiganja.

"Utataka maji kila jioni, mama, mpaka mvua zije tena. Na kisima wakimaliza kukata..." Hakuimalizia.

Boke alitazama upande wa maduka, ambako msumeno ulikuwa umeanza tena. Alivuta kwa mguu beseni la maji aliyooshea vikombe vya uji, ya kahawia, yenye punje za wimbi, akalisukuma mpaka likagusa goti la Simioni.